Roboti za Mji wa Maseremala

Kila anayekwenda Japani kutafuta asili ya roboti za plastiki huelekezwa Odaiba, kisiwa cha kutengenezwa kilichomo ndani ya ghuba ya Tokyo, nami sikuwa na sababu ya kukaidi. Mbele ya jengo la maduka la DiverCity nililikuta jitu la mita 19.7, jeupe toka utosini hadi nyayoni, lenye pembe moja katikati ya paji la uso. Huyo ni Unicorn Gundam, aliyesimikwa hapo mwaka 2017 baada ya mtangulizi wake, Gundam wa kwanza mwenye kimo cha mita 18, kuondolewa. Mara kadhaa kwa siku pembe ile hupasuka ikawa mbili, mabamba ya mwilini yakasogea, mwanga mwekundu ukachomoza kutoka ndani. Watu huinua simu, hupiga picha, hutawanyika. Onyesho ni zuri, silibezi. Lakini ukilikaribia jitu lenyewe utaona jambo ambalo wapiga picha wengi hulipita: mwili mzima umechorwa mistari ya maungio, kila bamba na mpaka wake, na maandishi madogo ya tahadhari yametawanywa huku na huku kama zile stika nyembamba zinazokuja ndani ya boksi la modeli ya kuunganisha. Jitu limeundwa lifanane na kisanamu kinachoenea kiganjani. Aliyeiga hapo ni mkubwa, na aliyeigwa ni mdogo.

Maelezo yaliyozoeleka husema kinyume. Televisheni huzaa shujaa, kampuni ya vichezeo hukamua fedha. Katuni ni ng'ombe, plastiki ni maziwa. Kwa vichezeo vingi duniani maelezo hayo yanatosha, na mzazi yeyote aliyewahi kupita na mtoto mbele ya duka anayajua bila kufundishwa. Kwa roboti za kuunganisha za Kijapani, hasa ukoo wa Gundam ambao wapenzi wake wanauita Gunpla, yaani Gundam ya plastiki, naona mambo yamewekwa miguu juu kichwa chini. Roboti hizi ni zao la kalibu na la mkono kabla hazijawa zao la katuni. Zingeitegemea katuni peke yake, leo tusingekuwa na habari zake. Na mji uliozilea ni Shizuoka, mji wa maseremala ulio umbali wa saa moja kwa treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo yenye studio na matangazo yake. Ndiko nilikokuwa nikielekea, na Odaiba kwangu ilikuwa mlango tu wa kupitia.

Tuanze na tarehe, maana tarehe hazina ushabiki. Sehemu ya kwanza ya Mobile Suit Gundam, iliyoongozwa na Yoshiyuki Tomino katika studio ya Sunrise, ilirushwa tarehe 7 Aprili 1979. Mitambo yake ilichorwa na Kunio Okawara. Mdhamini mkuu alikuwa kampuni ya vichezeo iitwayo Clover, iliyouza roboti zilizokwisha kuundwa, za rangi kali, kwa ajili ya watoto wadogo. Hadithi yenyewe haikuwa ya watoto wadogo. Ilihusu vita ya binadamu kwa binadamu, yenye wakimbizi waliosongamana ndani ya chombo, maofisa wanaodanganya, na kijana rubani anayechoka kuua. Watazamaji hawakufika idadi iliyotarajiwa, mauzo yakasuasua, na mpango wa sehemu 52 ukakatwa, ukaishia sehemu ya 43 mwezi Januari 1980. Kwa hesabu za kawaida za biashara ile, hayo ndiyo maziko. Kisha Julai ya mwaka uleule, miezi sita baada ya katuni kuzimwa, kampuni ya Bandai ikatoa modeli ya kuunganisha ya Gundam kwa yen 300. Ilikuwa plastiki nyeupe tupu, kifuko kidogo cha gundi kimo ndani ya boksi, rangi shauri lako. Ndiyo iliyolipuka.

Mpinzani ana jibu, na jibu lake lina uzito. Atasema: katuni ilirudiwa kwenye vituo mbalimbali, ikapata watu wake polepole, kisha mwaka 1981 ikakusanywa kuwa filamu za sinema, na hapo ndipo modeli zilipogombaniwa. Kwa hiyo hadithi ndiyo iliyouza. Nakubali nusu ya hoja hiyo. Hakuna mtu angenunua kisanamu cha askari wa chuma asiyemjua jina wala vita aliyopigana. Lakini hadithi ileile moja ilikuwa na bidhaa za aina mbili, na matokeo yake hayakufanana. Clover, iliyobeba gharama za kuizaa katuni, haikuokolewa na umaarufu uliokuja kwa kuchelewa. Mwaka 1983 ilifilisika. Modeli ya yen 300 ikawa mzizi wa ukoo ambao hadi sasa umetoa zaidi ya masanduku milioni 700. Kama hadithi peke yake ndiyo iliyouza, ingeuza vyote viwili. Tofauti lazima tuitafute ndani ya boksi.

Tofauti ya kwanza ni kipimo. Kichezeo kilichokwisha kuundwa hupimwa kwa mkono wa mtoto: kikubwa kidogo, kidogo kidogo, ilimradi kishikike. Modeli ya Bandai ilitengenezwa kwa kipimo cha 1/144, ambacho si cha kubahatisha. Inchi moja inasimama mahali pa futi 12, na waundaji wa ndege za plastiki walikuwa wakikitumia tangu zamani. Gundam wa mita 18 anakuwa sentimita 12 na nusu. Adui yake, Zaku mwenye jicho moja, akitengenezwa kwa kipimo hichohicho, wanaweza kusimama pamoja mezani na ukubwa wao ukasema kweli. Kwa kitendo hicho kimoja mtambo wa kubuni ulihamishwa kutoka rafu ya midoli ukapelekwa rafu ya vifaru, meli za kivita na ndege, vitu ambavyo muundaji huvichunguza, huvisomea, hubishana juu ya rangi ya tumbo la bawa. Kijana wa Kijapani aliyekuwa amekwisha kuunganisha vifaru kadhaa vya kampuni ya Tamiya alijua papo hapo afanye nini na Zaku: ampake matope miguuni, amchubue rangi kwenye kingo, amfanye aonekane ametoka kazini.

Tofauti ya pili ndiyo iliyonishawishi zaidi, kwa sababu haielezeki kabisa kwa nadharia ya ng'ombe na maziwa. Mwaka 1981 jarida la Hobby Japan lilitoa kitabu cha kuonyesha namna ya kuiunda Gundam kwa ufundi, kazi za mafundi vijana waliokuwa wakikata, kuongeza na kusahihisha modeli za dukani. Mwaka uliofuata katuni ya jaridani iitwayo Plamo-Kyoshiro ikaanza, wahusika wake wakiwa watoto wanaopiganisha modeli walizoziunda wenyewe. Roboti iliyobuniwa humo, Perfect Gundam, ikaja kuuzwa kama modeli halisi. Mwaka 1983 Bandai ikaanzisha safu ya modeli za mitambo ambayo haikuwahi kuonekana kwenye televisheni hata sekunde moja: Zaku wa mizinga, Zaku wa mwendo kasi, ndugu na binamu wa mashine zilizojulikana, wakiwa na historia zao za kivita zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Zilinunuliwa. Katuni mpya ya ukoo huo, Zeta Gundam, haikuja hadi 1985, na ilipokuja baadhi ya mitambo hiyo ya mezani ikapata nafasi ya kupita kwenye kioo. Na nje kabisa ya Gundam, mwaka 1982 msanii Kow Yokoyama alianza ndani ya Hobby Japan mfululizo wa mavazi ya kivita ya siku zijazo, akiyajenga kwa mikono kutokana na vipande vya modeli nyingine. Hapakuwa na televisheni, hapakuwa na filamu. Palikuwa na picha za visanamu na hadithi fupi chini yake. Viwanda vilimfuata yeye, na hadi leo Hasegawa, kampuni ya Yaizu jirani na Shizuoka, inatengeneza mavazi hayo chini ya jina la Maschinen Krieger. Ng'ombe hapo yuko wapi?

Treni ya Hikari ikaondoka Tokyo kuelekea magharibi. Safari ni kilomita 180 hivi, na mtu aliyeketi upande wa kulia huupata Mlima Fuji iwapo mawingu yatamhurumia. Baada ya hapo ni vilima vya chai, maana Shizuoka kwa Wajapani ni jina la chai kama Kericho au Mufindi ilivyo kwetu. Mji wenyewe ni wa watu laki sita na kitu, hauna papara, na usingejua kwamba zaidi ya asilimia 80 ya modeli za plastiki zinazozalishwa Japani hutoka mkoa huu kama halmashauri isingekwambia. Inakwambia kwa namna ya kuchekesha. Mjini nilikuta kibanda cha simu kilichoambatana na fremu kubwa yenye vipande vyake vyote, kila kipande kikining'inia kwenye kijiti chake, kama kwamba kibanda kizima kimetoka boksini asubuhi hiyo na fundi ameacha kazi nusu. Lipo na sanduku la posta la mtindo huohuo, na ni la kweli, barua zinatumbukizwa. Miji mingine ya Japani hujivunia wahusika wa katuni kwa kuwasimika sanamu. Kobe, kwa mfano, ilimsimamisha Tetsujin 28 mwaka 2009 katika mtaa wa Nagata kuufufua baada ya tetemeko la 1995. Shizuoka ilichagua njia yake. Imesimika fremu.

Kwa nini Shizuoka? Wenyeji huanzia mbali, nao wana haki. Mwaka 1607 Tokugawa Ieyasu, aliyekwisha kumwachia mwanawe cheo cha shoguni, alihamia ngome ya Sunpu, jina la kale la mji huu. Ukoo wake uliipenda sana Sengen, hekalu la Kishinto lililo chini ya kilima kaskazini mwa ngome. Lilipoungua mwishoni mwa karne ya 18, ujenzi mpya ulianza 1804 ukachukua miaka 60 hivi. Nilipita humo nikitazama nguzo za laki nyekundu na nyeusi, michongo ya mazimwi na ndege iliyobebwa juu ya milango, maungio ya mbao yaliyokazana bila kuonyesha yanakutania wapi. Majengo 26 yamehifadhiwa kama urithi wa taifa. Mafundi waliokusanywa kwa kazi za namna hiyo, husema wenyeji, hawakurudi kwao. Walibaki wakachonga samani, masanduku, vioo vya kuvalia, wanasesere wa sikukuu. Mtu mwenye mashaka atauliza kama kweli mstari unaweza kuchorwa kutoka zimwi la Sengen hadi kidole cha Zaku. Kwa mstari mmoja ulionyooka, hapana. Pingili za katikati, hata hivyo, zinaonekana wazi. Aoshima ilianzishwa 1924 na rubani, Jiro Aoshima, ikitengeneza ndege za mfano za mbao. Hasegawa ilianza 1941 na modeli za mbao za kufundishia shuleni. Tamiya ilikuwa kiwanda cha kupasua mbao mwaka 1946. Moto ulikiteketeza 1951, na familia ikahamia kwenye modeli kwa sababu mbao chache zilizokuwepo zilitosha kwa vitu vidogo.

Halafu mwishoni mwa miaka ya 1950 ziliingia modeli za plastiki kutoka Marekani, nyepesi, zenye hesabu ya misumari kwenye kila bawa, na soko la mbao likaporomoka. Tamiya ilitoa meli yake ya kwanza ya plastiki, Yamato, mwaka 1960, na wengine wakafuata njia hiyohiyo kwa shida na madeni. Mmoja wao, Imai, aliyetamba kwa modeli za kipindi cha televisheni cha Thunderbirds, alianguka 1969. Bandai, kampuni ya vichezeo iliyozaliwa Asakusa, Tokyo, ndipo ilipoingia mjini: ilichukua kiwanda cha Imai na kalibu zake. Katika kiwanda na ufundi huo ndimo ilimotoka Gundam ya yen 300 miaka 11 baadaye, na ndiyo maana kituo chake kikuu cha uzalishaji, kilichofunguliwa 2006, bado kiko hapa. Yaani kampuni ya Tokyo ilipotaka kutengeneza modeli ililazimika kuhamia kwa mafundi. Fedha na hakimiliki husafiri kwa barua. Mkono unaojua kusugua chuma hausafiri hivyo.

Hapa pana pingamizi ambalo mtu makini hawezi kuliruka. Siku hizi kipande huchorwa kwenye kompyuta, chuma hukatwa na mashine, plastiki hudungwa na mashine, boksi hubebwa na kigari kisicho na dereva. Basi seremala anabaki kufanya nini katika habari hii zaidi ya kupamba hotuba za meya? Jibu lake lipo kwenye kalibu, na inafaa kuitazama kwa karibu. Kalibu ni mabamba mawili ya chuma yanayofumbatana. Ndani yake mmechimbwa umbo, na polistirini iliyoyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 husukumwa kwa nguvu ijaze kila pembe. Inapopoa, mabamba hufunguka na pini husukuma fremu itoke. Hapo ndipo ilipo taabu yote. Kipande chenye kulabu inayong'ang'ania chuma hakitatoka. Kila umbo la kubuni, hata liwe na madoido gani kwenye katuni, lazima lipasuliwe akilini mpaka kila kipande kiweze kuaga chuma chake bila kuchubuka, halafu vipande hivyo vikikutanishwa virudi kuwa mkono, goti, bega. Modeli za miaka ya 1980 zilipasuliwa kama dafu: mkono nusu mbili, na mshono ukapita katikati, mnunuzi akaachiwa kuuziba kwa gundi na kuusugua. Za leo mshono umefichwa penye mpaka wa bamba, ukawa mstari ambao mtambo wa kweli ungekuwa nao. Huo ni uamuzi wa mtu. Nilipokuwa Sengen nilitafuta maungio nisiyaone; anayepasua goti la Gundam anacheza mchezo huohuo.

Kuna fremu za Shizuoka ambazo hata mtu asiyejali roboti huzigeuza mara mbili mkononi. Mojawapo ina nyeupe, nyekundu, manjano na buluu, kila rangi imedungwa mahali pake katika mashine ileile, bila kupaka wala kugundisha. Katika daraja liitwalo Real Grade, lililoanza 2010, kuna fremu ya mifupa ambayo kiungo hutoka kalibuni kikiwa kimekwisha kuungana: plastiki ya aina moja imedungwa kuzunguka ya aina nyingine ambayo haishikamani nayo, hivyo ukikata vijiti vinavyoishikilia, goti linakunjika. Mtu hajaunganisha kitu bado, na goti tayari linakunjika! Kompyuta haikukaa ikatamani jambo hilo. Mashine za kuchonga chuma ziko Shenzhen, ziko Korea, ziko Ujerumani. Kama mashine ingetosha, mji huu ungekwisha kupokonywa kazi. Ninakiri kwamba viwanda vya China siku hizi vinatoa roboti za kuunganisha zilizo bora sana, na pengo linapungua. Lakini linapungua kwa sababu huko nako mafundi wa kalibu wamekomaa.

Nilirudi Tokyo kwa sababu upande wa pili wa kazi, ule wa mnunuzi, huonekana vizuri zaidi palepale Odaiba nilipoanzia. Ghorofa ya saba ya DiverCity kuna duka liitwalo Gundam Base, na ndani yake meza za watu kukaa na kuunganisha walichonunua. Pale jitu la nje husahaulika. Kinachosikika ni mlio mdogo, tik, wa koleo ya kukatia. Hata koleo hiyo ina ukoo wake: zinazosifiwa kuliko zote hutengenezwa na GodHand huko Tsubame, mji wa wahunzi wa mkoa wa Niigata, na ukali wake uko kwenye meno ya upande mmoja, upande wa pili ni bapa, hushikilia tu. Fundi hakati mara moja. Hukata kwanza mbali na kipande, akiacha kisiki, kisha hukata kisiki polepole, kwani plastiki ikibanwa kwa pupa huchoka na kuacha alama nyeupe kama jeraha lililopona vibaya. Kisha msasa, wa 400 hadi 1,000, kwa maji au bila maji. Kisha wino mwembamba unaopenyezwa kwenye mistari ya maungio na kufutwa, ili mistari ibaki. Mwisho wengine hupuliza dawa ya kufifisha mng'ao, plastiki ikaacha kufanana na plastiki. Meza nzima ya watu wazima, kila mmoja na kipande kisichozidi ukucha, na hakuna anayesema neno.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: huo ni ubunifu gani? Mtoto wa Tanga au Kisumu huunda gari kwa waya na makopo, usukani unazunguka, magurudumu yanakata kona, na hakupewa karatasi ya maelekezo wala kipande chenye namba. Mbele yake huyu wa Odaiba, mwenye boksi la maelfu ya yen, anafuata tu alichoambiwa. Sioni namna ya kuipuuza hoja hiyo, wala sitaki. Mtoto wa waya anavumbua, na modeli ya boksini haivumbui. Ila hoja inadhani kwamba kuvumbua ndiyo kazi pekee ya mkono yenye heshima, na hapo naachana nayo. Kufuata pia ni elimu, kama anavyojua fundi cherehani aliyeshona kwa kipimo cha bwana wake miaka mitatu kabla hajaruhusiwa kushika mkasi wa kukatia kitambaa. Na boksi halimfungi mtu. Viungo vya modeli nyingi hutumia vishikizo vya ukubwa unaolingana, mkono wa huyu ukaingia begani mwa yule. Mavazi ya Yokoyama yalizaliwa kwa kukaidi maboksi. Kila mwezi Mei Shizuoka hufanya maonyesho yake ya modeli katika ukumbi wa Twin Messe, na humo, ubavuni mwa makampuni, huwa na meza nyingi za vyama vya waundaji wa ridhaa, wasiouza chochote. Mashindano ya dunia ya Gunpla, yaliyoanza 2011, hayampi ushindi aliyefuata karatasi vizuri. Humpa aliyeisaliti kwa akili.

Pingamizi linaloniuma kweli ni la wakusanyaji. Wajapani wana neno la mzaha kwa maboksi yaliyorundikwa bila kufunguliwa, na wapenzi wengi wa modeli hulitumia kujicheka wenyewe. Mzaha huo ulipungua utamu tangu 2020, modeli zilipoanza kuwa adimu madukani, walanguzi wakizinunua asubuhi na kuziuza mtandaoni jioni kwa bei ya juu, maduka yakalazimika kumpimia kila mteja boksi moja. Ikiwa kitu kinanunuliwa ili kisifunguliwe, habari zangu za mkono na kalibu zinakuwa mapambo. Katika vijiduka vya Nakano Broadway, upande wa magharibi wa Tokyo, unaweza kuona jinsi mambo yanavyokuwa pale ambapo kichezeo ni cha kumalizika: roboti za chuma za Chogokin, zilizoanza na Mazinger Z mwaka 1974, zimefungiwa nyuma ya vioo, na boksi lililokunjika pembe hushusha bei kana kwamba boksi ndilo roboti. Sidhani modeli ya kuunganisha inaweza kufika huko kikamilifu, na sababu ni ileile kalibu. Chuma kikihifadhiwa kiwandani, kitu hakiwi adimu milele. Gundam ile ya yen 300 ya 1980 imechapwa upya mara nyingi, na mlanguzi aliyeficha maboksi huamka siku moja akakuta rafu zimejaa. Kiwanda kikizalisha tena, ulanguzi hupungua. Kikikawia, hustawi. Lawama zangu kwa hiyo haziendi kwa mwenye rundo chumbani kwake. Mtu anaweza kuwa na vitabu asivyovisoma bado.

Liko na suala la taka, ambalo watetezi wa modeli huligusia kwa haraka na kupita. Ukimaliza kuunganisha, karibu kila kipande kimekwenda mwilini mwa roboti, na mkononi unabaki na fremu: vijiti, visiki, vibao vyenye namba, plastiki safi isiyo na kazi. Kwa mamilioni ya maboksi hiyo si taka ndogo, na kuiita sanaa hakuipunguzi uzito. Tangu 2021 kampuni za kundi la Bandai zimeweka masanduku ya kukusanyia fremu hizo kwenye maduka yao, moja likiwa pale Odaiba karibu na meza za kuunganishia. Baadhi hurudi Shizuoka, zikayeyushwa, zikadungwa tena kwenye kalibu zilezile. Sandukuni nilichungulia: nyeupe za Gundam, kijani za Zaku, waridi nzito ya Char, rubani adui wa katuni ile, manjano za pembe, zote zimevurugana kama mabaki ya cherehani. Rangi nyingi hivyo zikichanganywa hazitengani tena, ndiyo maana modeli itokayo humo huwa nyeusi tii, kichwa, mikono na pembe. Anayeichukua lazima aamue mwenyewe aipake rangi gani, kama mwaka 1980.